Tumbo la Kifaranga Hukunjwa Siku za Kwanza: Somo kwa Vikundi Vinavyofuga Kuku

Katika somo letu la leo tutaangalia jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona kwa macho, nalo ni jinsi tumbo la mnyama linavyoanza kuumbika. Labda utauliza, "Sisi wakulima jambo hilo latuhusu nini?" Latuhusu sana. Msomeni polepole katika kikundi, na mwenye kujua kusoma awasomee wenzake. Hebu tuanze na kisa.

KISA CHA MAYAI 30

Kikundi kimoja cha kina mama ninachokitembelea kiliamua kufuga kuku wa kienyeji. Kila mwanachama alichanga mayai, yakafika 30. Mama mweka hazina akapewa kazi ya kuyatunza mpaka kuku watatu wawe tayari kuatamia. Siku 21 zilipokwisha, walitoka vifaranga 11 tu. Tena watatu kati yao wakafa kabla ya wiki kwisha, vitovu vimelowa na vinanuka.

Mkutano uliofuata ulikuwa moto. Mmoja akasema, "Huyu mama ana mkono mbaya." Mwingine akasema ati ameuza mayai mazuri na kuweka mabovu. Mama mweka hazina akaweka kitabu cha hesabu mezani, akasema, "Chukueni. Mimi nimetoka."

Nilipofika niliomba yale mayai 19 yasiyoanguliwa yasitupwe. Tuliyapasua moja moja nyuma ya nyumba, tumeziba pua kwa leso. Manne hayakuwa na kitu ndani, yaani hayakuwa na mbegu ya jogoo. Kumi yalikuwa na duara la damu au kitu kidogo sana kama punje. Matano yalikuwa na kifaranga kamili mwenye manyoya, lakini kiini kilikuwa bado kinaning'inia nje ya tumbo lake.

Mama mwenyekiti akanitazama, akauliza, "Sasa mwalimu, mayai haya yanasema nini?" Ili kumjibu, ilibidi tujifunze kwanza safari ya tumbo ndani ya yai.

YAI KABLA YA KUATAMIWA

Vunja yai lenye mbegu katika sahani, kabla halijaatamiwa. Utaona ute mweupe, na katikati kiini cha manjano. Juu ya kiini kuna doa dogo jeupe lenye umbo la pete, upana wake kama milimita 4. Kifaranga huanzia hapo. Wengi wetu hudhani kwamba kile kiini cha manjano ndicho kinachogeuka kuwa kifaranga. Sivyo. Kiini ni chakula, ni kama gunia la unga alilowekewa mtoto. Mtoto mwenyewe ni lile doa.

Jambo la pili la kushangaza ni hili: yai linapotagwa, kazi imeshaanza. Mbegu ya jogoo hukutana na ya kuku juu kabisa katika njia ya mayai, hata kabla ganda halijawekwa. Yai hukaa ndani ya kuku kwa muda wa siku nzima hivi likivikwa ute na ganda, na wakati huo lile doa linagawanyika seli mbili, nne, nane, na kuendelea. Linapotagwa, doa tayari lina maelfu ya seli zilizotandazwa kama chapati nyembamba juu ya kiini. Yai likipoa, kazi husimama. Likipata joto la kuku, kazi huendelea.

SIKU YA KWANZA: MATABAKA MATATU

Katika saa 18 hivi za kwanza chini ya kuku, mstari mwembamba hutokea katikati ya lile doa. Mstari huo ni kama mlango. Seli zilizo juu husogea mpaka kwenye mstari, zikazama ndani na kutandaa chini. Mwisho wa kazi hiyo ile chapati moja imekuwa matabaka matatu, moja juu ya lingine:

1. Tabaka la juu litakuwa ngozi, manyoya, ubongo na mishipa ya fahamu.
2. Tabaka la katikati litakuwa mifupa, nyama, moyo, damu na figo.
3. Tabaka la chini, lile linalogusa upande wa kiini, litakuwa utando wa ndani wa matumbo, pamoja na ini, kongosho na mapafu.

Kwa hiyo tumbo la kuku huanza kama karatasi bapa. Halina mdomo, halina njia ya kutokea, wala halina umbo la bomba. Je, karatasi hugeukaje kuwa bomba? Hukunjwa.

ZOEZI: KUNJENI TUMBO NYINYI WENYEWE

Chukueni chungwa moja kubwa na vipande viwili vya kitambaa vya ukubwa wa kiganja, kimoja chekundu na kimoja cheupe. Laza cheupe juu ya chungwa, kisha chekundu juu yake. Chungwa ni kiini. Kitambaa cheupe ni tabaka la chini na chekundu ni tabaka la juu. Lile la katikati tuliache kwa sasa.

Hatua ya kwanza: inua ncha ya mbele ya vitambaa vyote viwili, uikunje kuelekea chini, kati ya kitambaa na chungwa. Hapo ni kichwani. Tazama ndani ya lile kunjo, utaona kitambaa cheupe kimefanya mfuko mdogo. Huo ndio mwanzo wa koo, umio na firigisi.

Hatua ya pili: fanya vivyo hivyo upande wa mkia. Umepata mfuko wa pili. Huo ni utumbo wa nyuma.

Hatua ya tatu: vuta kingo za kulia na za kushoto ziingie chini pia, zikaribiane. Sasa kitambaa cheupe kimekuwa bomba lililofichwa ndani, na chekundu kimekuwa ngozi kwa nje. Ni katikati tu, chini ya tumbo, ambapo bado pamebaki tundu linaloelekea kwenye chungwa. Tundu hilo ndilo litakalokuwa kitovu.

Fanyeni zoezi hili mara mbili tatu mpaka kila mmoja aone. Mkilielewa, mmelielewa somo zima.

SIKU YA PILI MPAKA YA TANO

Ndani ya yai, kunjo la kichwani huanza mara siku ya kwanza inapokwisha. Siku ya pili jambo kubwa hutokea. Moyo wa kifaranga huanza ukiwa vipande viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kingo za tumbo la mbele zinapokaribiana na kufunga, ndipo zinapovileta vile vipande viwili pamoja vikawa moyo mmoja. Wataalamu wamejaribu kuzuia kunjo hilo lisifunge, na ikawa mioyo miwili upande huu na upande huu. Kumbe tumbo likikosa kukunjika sawasawa, hata moyo hauwezi kukaa mahali pake! Kabla ya siku hiyo ya pili kwisha, moyo huanza kupiga.

Siku ya tatu kunjo la mkiani hufanya utumbo wa nyuma. Kufikia siku ya tatu na ya nne, vichipukizi vya ini, kongosho na mapafu vimeshatokeza kwenye lile bomba, kama vile chipukizi zinavyotokea kwenye kiazi. Upande wa mbele, bomba lilikuwa limezibwa na utando mwembamba. Utando huo hupasuka na mdomo huunganika na koo. Njia ya nyuma hubaki imezibwa kwa siku nyingi zaidi.

Ukivunja yai la siku ya tatu taratibu katika sahani yenye maji vuguvugu, utaona mishipa ya damu imetandaa juu ya kiini kama utando wa buibui, na katikati tone jekundu linalopiga. Mwanafunzi wa zamani sana, Aristotle wa Ugiriki, aliliona tone hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwa kuvunja mayai siku baada ya siku.

Pamoja na hayo, kwa muda mrefu wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba ndani ya yai kuna kifaranga mdogo aliyekamilika tayari, na kazi yake ni kukua tu. Mjerumani mmoja, Caspar Friedrich Wolff, alipofanya kazi St. Petersburg nchini Urusi, alionyesha katika maandishi ya mwaka 1768 na 1769 kwamba utumbo wa kuku huanza kama karatasi bapa, kisha hukunjika na kuwa bomba. Mwaka 1817 Christian Heinrich Pander akaeleza yale matabaka matatu. Na wote hao walitumia mayai ya kuku, kama haya yetu.

GUNIA LA UNGA HUINGIA NDANI

Lile tundu la katikati huendelea kuwa jembamba mpaka linabaki kama shingo ya kibuyu, linaunganisha utumbo na kiini. Kiini chenyewe kimezungukwa na mfuko wenye mishipa mingi ya damu. Kifaranga hali kiini kwa mdomo. Kuta za mfuko huo hukimeng'enya na kukipeleka kwenye damu, na damu hukipeleka mwilini.

Siku ya 19 mpaka ya 20, mfuko wa kiini uliobaki huvutwa wote ndani ya tumbo la kifaranga, na kitovu hufunga nyuma yake. Siku ya 21 anatoka akiwa na akiba ya chakula ndani yake. Ndiyo sababu kifaranga cha siku moja chaweza kusafirishwa kwenye sanduku mpaka kijiji cha mbali bila kufa. Akiba hiyo humtosha siku mbili hivi, au tatu. Lakini msimnyime chakula kwa sababu hiyo! Akishakauka, apewe maji safi na chakula mapema, kwa maana matumbo hukua haraka zaidi yakipata kazi.

SASA MAYAI YALISEMA NINI?

Turudi kwa kile kikundi. Nilimwuliza mama mweka hazina, kwa upole, "Mama, mayai uliyaweka wapi?" Akasema aliyaweka kwenye rafu juu ya jiko, yasije yakaliwa na panya. Yalikaa hapo siku 18, maana kuku wa tatu alichelewa kuatamia. Yaliyokuwa na uchafu aliyapangusa kwa kitambaa na maji baridi, yapendeze. Na siku ya 21, vifaranga walipochelewa, wanachama wenyewe walikuja kuwasaidia kutoka kwa kubandua maganda.

Mama huyu hakuiba wala hana mkono mbaya. Alitunza mayai kwa moyo wote, ila hakuna aliyemwambia haya:

Yale 10 yenye duara la damu. Joto la jiko halitoshi kuangua, lakini linatosha kuamsha lile doa. Asubuhi moto unawaka, doa linaanza kazi. Usiku moto unazima, doa linasimama. Kati ya nyuzi 27 na 35 hivi matabaka hujaribu kujipanga na kukunjika, lakini vibaya. Pia yai likikaa zaidi ya wiki moja, lile doa hudhoofika. Mayai ya namna hiyo yakiwekwa chini ya kuku hufika siku ya pili mpaka ya nne, wakati tumbo, moyo na mishipa vinapounganika, yakafia hapo. Duara la damu ni alama ya kifo cha siku hizo.

Yale matano yenye kifaranga kamili. Hawa walifika mwisho wakashindwa, kiini bado kiko nje. Mtoto huwa dhaifu hivi kwa sababu nyingi: yai kukaa sana kabla ya kuatamiwa, joto kupanda na kushuka, au vijidudu kuingia ndani.

Wale watatu waliokufa kwa kitovu. Maji baridi hufanya kilichomo ndani ya yai kisinyae, na ganda lenye matundu madogo huvuta uchafu kuingia. Tena kifaranga akibanduliwa kabla ya wakati, kitovu chake hakijafunga, na damu bado inapita kwenye mishipa ya ganda. Vijidudu huingia moja kwa moja kwenye ile akiba ya kiini tumboni. Tumbo huvimba, hunuka, na dawa mara nyingi haisaidii.

SI KUKU PEKE YAKE

Chura hukunja tumbo kwa namna yake. Yai la chura halina kiini kikubwa kama cha kuku, kwa hiyo seli zake hufanya mpira. Mpira huo hubonyea upande mmoja, kama mpira wa watoto uliotoboka unavyobonyezwa kwa kidole, na lile bonyeo likiingia ndani ndilo tumbo la kwanza. Tundu la kwanza kufunguka si mdomo, ni upande wa nyuma! Mdomo huja baadaye.

Ng'ombe, nguruwe, na hata sisi binadamu, hufuata njia ya matabaka matatu kama kuku. Kwa mtoto wa binadamu, matabaka hayo hupangika wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, na bomba la tumbo hukunjwa wiki ya nne. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba.

Mara chache sana kazi hii haikamiliki. Utando wa njia ya nyuma husahaulika, na mtoto huzaliwa bila tundu la haja kubwa. Hutokea kwa mtoto 1 kati ya 5,000 hivi. Ndugu zangu, hii si laana, wala si dhambi ya mama, wala si macho ya jirani. Ni kunjo moja lililokosa kumalizika kabla ya kuzaliwa, na madaktari hulirekebisha kwa upasuaji. Kinachoua ni kuchelewa na kuficha. Mtoto akizaliwa, mtazameni nyuma siku hiyo hiyo. Asipopata choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, katika saa 24, au tumbo likivimba na akatapika, mpelekeni hospitali mara moja.

Kwa ndama au mtoto wa nguruwe aliyezaliwa hivyo, mwiteni daktari wa mifugo. Nguruwe wana tabia ya kurithishana kasoro hii, kwa hiyo msiwatumie tena wazazi wake kuzalisha. Na ndama wote, hata walio wazima, wapakwe dawa ya ayodini kitovuni mara tu wanapozaliwa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chagua mayai safi, yasiyo na ufa, ya kuku wanaoishi na jogoo. Lenye uchafu mwingi lipike ule, usiliwekee kuku. Usioshe kwa maji baridi.
2. Weka mayai mahali penye ubaridi na kivuli, mbali na jiko na jua, ncha iliyochongoka ikiangalia chini. Andika tarehe kwa penseli. Yasipite siku 7.
3. Ukiyabeba kwa baiskeli, yafunge kwa majani makavu yasitikisike.
4. Kuku akianza kuatamia, wiki ya kwanza asisumbuliwe. Mwekee maji na chakula karibu asikae nje muda mrefu.
5. Kuku mwenyewe hugeuza mayai. Mwenye kutumia mashine ya kuangua ageuze angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, kisha aache. Joto liwe nyuzi 37.5.
6. Siku ya 7, usiku, mulika mayai kwa tochi. Mishipa kama utando wa buibui ni uzima. Yai jeupe tupu halina mbegu. Duara la damu ni kifo. Yasiyo na uzima yatoe.
7. Siku ya 21 kaa na subira. Usibandue ganda.

MWISHO WA KISA

Baada ya maelezo hayo kulikuwa na kimya. Kisha yule aliyesema habari ya mkono mbaya akasimama, akachukua kitabu cha hesabu pale mezani, akampa mama mweka hazina kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, tusamehe. Hata mimi kwangu huweka mayai juu ya jiko." Wengine wakacheka, maana ilikuwa hivyo kwa karibu wote.

Mara ya pili walichanga mayai 30 tena. Yaliwekwa chini, ndani ya kapu, kwenye chumba chenye baridi, kwa siku tano. Walitoka vifaranga 23, na mwenye kutunza alikuwa mama yule yule.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja aeleze mahali anapoweka mayai nyumbani. Je, panafaa?
2. Kwa nini siku tano za kwanza za kuatamia ni za hatari ingawa hatuoni kitu kwa nje?
3. Je, kikundi chetu kimewahi kumlaumu mtu kwa hasara kabla ya kutafuta chanzo chake? Tulifanya nini baadaye?
4. Tungewezaje kumsaidia mzazi ambaye mtoto wake amezaliwa na kasoro, asijifiche?
5. Nani atatunza tochi ya kikundi, na nani ataandika hesabu ya mayai yaliyowekwa, yaliyokufa na yaliyoanguliwa?